Kupanga Upya Diski Ngumu ya Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya kuhusu difragi, yaani kuunganisha upya vipande vya mafaili yaliyokatwa ndani ya diski, yanahusu hasa kompyuta za Windows, kuanzia Windows 7 hadi Windows 11, kwa kuwa ndiko maswali mengi yanakotoka. Linux na Mac zina jibu lao karibu na mwisho. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kumwelekeza msomaji kwenye jingine. Mwenye haraka aanze na swali la 4, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua kama ana haja ya kusoma mengine.

## Misingi

1. Kwa nini faili moja hukatwa vipande vipande ndani ya diski?

Diski hugawanywa katika visehemu vidogo vyenye ukubwa sawa vinavyoitwa klasta. Kwenye NTFS, mfumo wa mafaili unaotumiwa na Windows za sasa, klasta moja kwa kawaida ni kilobaiti 4, kwa hiyo faili la megabaiti 40 huhitaji klasta 10,240. Diski ikiwa bado mpya, klasta hizo hupatikana zikiwa zimefuatana. Baada ya miezi kadhaa ya kuandika, kufuta na kusasisha programu, nafasi iliyo wazi hubaki mapengo mapengo, na Windows inapopewa faili kubwa kuliko pengo lolote lililopo hulikata na kulitia katika mapengo kadhaa, huku ikiweka kumbukumbu ya mahali kilipo kila kipande.

Aina ya pili ya mafaili yanayokatika ni yale yanayokua kidogokidogo: hazina ya barua pepe za Outlook, kumbukumbu za matukio ya mfumo, hifadhidata ya programu ya uhasibu, na filamu zinazopakuliwa kwa toreti. Kila yanapoongezeka, nafasi iliyo jirani huwa imekwisha kuchukuliwa na faili lingine. Haya ndiyo yanayofikisha vipande maelfu, na ndiyo ya kwanza kuangaliwa pale programu moja inapokuwa nzito ilhali nyingine zote ziko sawa.

2. Vipande hivyo vinapunguzaje kasi ya kompyuta?

Diski ngumu ya kawaida ina sahani zinazozunguka na mkono wenye kichwa cha kusomea kinachohama huku na huku juu ya sahani hizo. Diski ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3, na kichwa kikishafika kwenye njia yake husubiri kwa wastani nusu ya mzunguko, yaani takriban milisekunde 4.2, mpaka data inayotakiwa ipite chini yake. Ukijumlisha na takriban milisekunde 9 za mkono kuhama, kila mruko hugharimu milisekunde 13 hivi. Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika na mkono wake huhama polepole zaidi, hivyo gharama hupanda.

Milisekunde 13 hakuna anayeziona. Lakini faili letu la megabaiti 40 likiwa limekatwa vipande 2,000 vilivyosambaa diski nzima, miruko peke yake itakula sekunde 26, ilhali faili hilohilo likiwa limenyooka husomwa chini ya nusu sekunde kwenye diski inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde. Hiyo ni hesabu ya hali mbaya kabisa, kwa sababu vipande vingi huwa jirani na diski ina kumbukumbu yake ya muda inayopunguza makali. Hata hivyo inaonyesha tatizo liko wapi: linalopoteza muda ni mwendo wa chuma, na diski isiyo na chuma kinachotembea haina tatizo hilo.

3. Difragi inafanya nini hasa, na je, inaongeza nafasi?

Programu ya difragi hutafuta eneo lililo wazi linalotosha faili zima, hunakili vipande humo kwa mpangilio, hurekebisha kumbukumbu ya mahali faili lilipo, kisha huachia klasta za zamani. Yaliyomo ndani ya faili hayabadiliki hata herufi moja, wala faili halihami folda. Programu nzuri hujaribu pia kukusanya nafasi iliyo wazi mahali pamoja ili mafaili yajayo yasikatwe tena.

Nafasi haiongezeki. Diski iliyokuwa na gigabaiti 12 zilizo wazi itabaki na gigabaiti 12 zilizo wazi. Anayetaka nafasi afute au ahamishe mafaili, na afanye hivyo kabla ya difragi, si baada yake, la sivyo atakuwa ametoboa mapengo mapya katika kile alichokwisha kukipanga.

Waliotumia kompyuta miaka ya tisini watakumbuka viboksi vya rangi vya programu ya DEFRAG iliyokuja na MS-DOS 6 mwaka 1993, vikihama kimoja kimoja kwenye skrini. Picha ile iliondolewa katika Windows Vista, na wengi wakadhani kazi yenyewe imeondolewa. Haikuondolewa; tazama swali la 6.

## Kabla ya kugusa chochote

4. Nitajuaje kama kompyuta yangu ina diski ya kuzunguka au SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kinachotembea?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika `dfrgui`, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha la Optimize Drives (katika Windows 7 huitwa Disk Defragmenter) lenye orodha ya diski zote. Katika Windows 8 na zilizofuata, safu ya Media type huandika Hard disk drive kwa diski ya kuzunguka na Solid state drive kwa SSD. Katika Windows 10 na 11 unaweza pia kufungua Task Manager, ukaingia Performance, na chini ya jina la diski utaona HDD au SSD. Windows 7 haina safu hiyo: fungua Device Manager, soma namba ya modeli chini ya Disk drives, na uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Kompyuta moja inaweza kuwa na zote mbili, SSD ndogo yenye Windows na diski kubwa ya kuzunguka yenye mafaili, kwa hiyo soma kila mstari peke yake. Ukumbuke pia kwamba C: na D: zinaweza kuwa sehemu mbili za diski moja ileile.

Anayenunua laptopu ya mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, afanye uchunguzi huu dukani kabla ya kulipa. Kibandiko kilicho nje ya kompyuta hueleza ilivyotoka kiwandani, na diski ni kitu cha kwanza kubadilishwa na mafundi, wakati mwingine kwa kuboresha, wakati mwingine kwa kuondoa kilicho kizuri na kuweka kilicho rahisi.

5. Nina SSD. Nifanye difragi?

Hapana. SSD haina sahani wala mkono. Kipande kilicho mwanzo na kilicho mwisho husomwa kwa muda uleule. Zaidi ya hayo, kidhibiti kilicho ndani ya SSD huhamisha data chenyewe ili chembe zake zichakae kwa usawa, kwa hiyo mpangilio unaouona kwenye programu si mpangilio halisi uliomo ndani ya chipu. Na kwa kuwa kila chembe ina kikomo cha mara inazoweza kuandikwa, kuhamisha mamia ya gigabaiti bila faida ni kuitumia bure.

SSD inahitaji kitu tofauti, amri ya TRIM, ambayo huiarifu kwamba klasta fulani zimefutwa na hazina haja ya kutunzwa tena. Kuanzia Windows 8, ukibonyeza Optimize kwenye SSD, TRIM ndiyo inayotumwa, kwa hiyo kitufe hicho hakina madhara. Kuhakikisha kwamba TRIM imewashwa, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi na uandike `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Jibu likiwa 0 kwenye mstari wa NTFS, imewashwa. Hali moja ambapo Windows yenyewe hupanga upya SSD imeelezwa katika swali la 16.

6. Kwani Windows haifanyi kazi hii yenyewe?

Inafanya, na hili ndilo jibu ambalo wauzaji wengi wa programu hawalitaji. Tangu Windows Vista, iliyotoka mwaka 2007, difragi hupangwa mara moja kwa wiki bila mtumiaji kuombwa. Katika Windows 7 ratiba ni Jumatano saa 7 usiku. Windows 8 na zilizofuata zimeiingiza katika matengenezo ya kiotomatiki, ambayo kwa kawaida hupangwa saa 8 usiku.

Kasoro iko kwenye mazingira yetu ya kazi. Kompyuta ya ofisi inayozimwa saa 11 jioni haipo macho saa 8 usiku, na laptopu inayoendeshwa kwa betri huahirisha matengenezo mpaka ichomekwe kwenye umeme. Windows hujaribu kufidia pale kompyuta inapokuwa imewashwa na haina shughuli, lakini mashine inayowashwa kwa kazi na kuzimwa kazi ikiisha inaweza kukaa miezi bila kupata nafasi hiyo. Katika dirisha la Optimize Drives tazama tarehe ya mara ya mwisho iliyoandikwa mbele ya kila diski. Ikiwa ni ya wiki hii, huna la kufanya. Ikiwa ni ya mwaka jana, au imeandikwa Never run, endelea na swali la 8.

7. Kompyuta yangu ni nzito sana. Difragi itaiponya?

Mara nyingi haitaiponya, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kuiacha ikikoroma usiku kucha. Fungua Task Manager wakati uzito unaonekana na utazame safu tatu. Kumbukumbu ya kazi (Memory) ikiwa imejaa zaidi ya asilimia 85 au 90, tatizo ni hiyo RAM: Windows inahamishia kazi kwenye diski kwa sababu haina pa kuziweka, na hali hii ni ya kawaida kabisa kwenye mashine yenye gigabaiti 2 au 4 inayofungua kurasa nyingi za intaneti kwa pamoja. Kichakataji (CPU) kikiwa juu muda wote, tafuta programu inayokishika, na usiisahau programu hasidi. Diski ikiwa kwenye asilimia 100 huku ikisoma megabaiti moja au mbili tu kwa sekunde, hapo vipande vinaweza kuwa chanzo, lakini vilevile diski inaweza kuwa inakufa. Soma swali la 17 kabla ya kuichosha zaidi.

Uzito wa wakati wa kuwasha tu mara nyingi hutokana na programu zinazojiwasha pamoja na Windows. Zizime usizozihitaji kwenye Startup, kazi ya dakika tano.

Ikiwa mashine ni nzima na bado ina diski ya kuzunguka, fedha ambayo ungeitoa kwa leseni ya programu ya kuharakisha kompyuta iweke akiba ya kununua SSD ndogo. Hakuna difragi, hata iliyofanywa kwa ustadi namna gani, inayoweza kuipa diski ya kuzunguka kasi ya SSD, kwa sababu hata faili lililonyooka kabisa bado hungojea sahani izunguke.

## Kazi yenyewe

8. Hatua za kufanya difragi kwa programu ya Windows ni zipi?

Kwanza nakili mafaili muhimu mahali pengine. Pili, futa usivyovihitaji kwa Disk Cleanup na uondoe takataka kwenye Recycle Bin. Kisha fungua dirisha la Optimize Drives kama ilivyoelezwa katika swali la 4, chagua diski ya kuzunguka, na ubonyeze Analyze. Baada ya muda mfupi utaona asilimia ya mtawanyiko. Mwongozo wa Windows 7 ulishauri kufanya difragi asilimia inapozidi 10, na kipimo hicho bado kinafaa. Ukiamua kuendelea, bonyeza Optimize.

Wanaotaka maelezo zaidi watumie Command Prompt iliyofunguliwa kama msimamizi. Amri ya `defrag C: /A /V` huchunguza bila kuhamisha chochote na kutoa ripoti ndefu. Humo tazama mambo mawili: wastani wa vipande kwa kila faili, ambao ukiwa karibu na 1.00 unaonyesha diski iliyotulia, na ukubwa wa eneo kubwa zaidi lililo wazi. Diski yenye gigabaiti 80 zilizo wazi ambayo eneo lake kubwa zaidi ni megabaiti 300 itaendelea kukata kila faili kubwa litakaloingia, hata kama leo asilimia ni ndogo. Kwa hali hiyo kuna `defrag C: /X`, inayokusanya nafasi iliyo wazi.

9. Windows inasema asilimia 3, programu nyingine inasema 22. Ipi ni kweli?

Zote zinaweza kuwa kweli kwa vipimo vyake. Windows za sasa hazihesabu kipande kilicho kikubwa kuliko megabaiti 64 kuwa tatizo, kwa hoja kwamba kusoma kipande kikubwa kiasi hicho huchukua muda mrefu kiasi kwamba mruko mmoja wa milisekunde 13 hauonekani. Filamu ya gigabaiti 2 iliyo katika vipande 20 vya megabaiti 100 kila kimoja, kwa Windows, ni nzima. Programu nyingi za nje huihesabu kama faili lililokatwa, na kwa kuwa ni kubwa, asilimia hupanda mara moja.

Hoja ya Windows ni sahihi. Asilimia kubwa inayotokana na filamu chache haipunguzi kasi ya kitu chochote, ila huuza programu.

10. Inachukua muda gani, na je, naweza kuendelea na kazi?

Kuanzia dakika chache hadi usiku mzima, kutegemea ukubwa wa diski, kiasi kilichotawanyika na nafasi iliyo wazi. Diski ya terabaiti 1 ambayo haijawahi kupangwa na imejaa kwa asilimia 90 inaweza kupita saa kumi. Zinazofuata huwa fupi sana kwa sababu kilichobaki ni kidogo.

Unaweza kuendelea kutumia kompyuta, kwa kuwa Windows huipa difragi kipaumbele cha chini. Lakini wewe na difragi mtakuwa mnagombea mkono mmoja wa diski, na kila faili unalohifadhi linaweza kuingia katika nafasi iliyokuwa inaandaliwa. Kompyuta ya ofisi iachwe ifanye kazi hiyo wakati wa mapumziko marefu au mwisho wa juma. Ukibonyeza Stop katikati, hakuna kinachoharibika. Yaliyokwisha kupangwa yatabaki hivyo.

11. Umeme ukikatika katikati ya difragi, nitapoteza mafaili?

Kwenye NTFS uwezekano ni mdogo. Tangu Windows NT 4.0 ya mwaka 1996, mfumo endeshi wenyewe ndio unaohamisha klasta kwa niaba ya programu za difragi: data hunakiliwa kwanza kwenye nafasi mpya, kisha ndipo kumbukumbu ya mahali hubadilishwa, na mabadiliko hayo huandikwa kwanza katika daftari la NTFS ili yaweze kukamilishwa au kufutwa umeme ukirudi. Nafasi ya zamani haiachiwi kabla ya mpya kukamilika.

FAT32, mfumo wa mafaili wa zamani zaidi, haina daftari hilo, na huko hatari ni kubwa zaidi. Vilevile kukatika ghafla na kurudi kwa kishindo kunaweza kuiumiza diski yenyewe bila kujali ilikuwa inafanya nini. Penye umeme usiotabirika, kompyuta ya mezani iwe na UPS, yaani kifaa cha betri kinachoishikilia umeme ukikatika, na laptopu iwe na betri iliyojaa huku ikiwa imechomekwa. Umeme ukikatika pasipo UPS, washa, andika `chkdsk C: /f`, kubali ichunguze wakati wa kuwaka upya, na usianze difragi tena kabla ya hapo.

12. Ninahitaji nafasi iliyo wazi kiasi gani, na nifanye mara ngapi?

Programu ya Windows XP ilitaka asilimia 15 ya diski iwe wazi ndipo ifanye kazi vizuri. Za sasa hukubali chini ya hapo, lakini asilimia 15 ni kipimo kizuri cha kudumu nacho, kwa sababu diski iliyojaa hukata mafaili upya haraka kuliko unavyoweza kuyaunganisha.

Kuhusu mara ngapi: ratiba ya Windows ya kila wiki inatosha. Kwa mashine isiyopata ratiba hiyo, mara moja kwa mwezi, na pengine mara moja zaidi baada ya kufuta au kuhamisha mafaili mengi makubwa.

## Programu za nje

13. Je, Defraggler, O&O Defrag na nyinginezo ni bora kuliko ya Windows?

Zina mambo ambayo ya Windows haina. Defraggler, iliyotengenezwa na Piriform, huonyesha orodha ya mafaili yaliyokatwa na kukuwezesha kuunganisha faili moja au folda moja tu, jambo lenye manufaa ukiwa na hifadhidata moja iliyovunjika vipande 5,000 ndani ya diski iliyotulia. UltraDefrag ilitolewa kama programu huria. O&O Defrag ya Berlin ni ya kulipia, kama ilivyokuwa Diskeeper, na zote mbili zililenga zaidi ofisi na seva. Kwa kazi ya faili moja kuna pia Contig ya Mark Russinovich, ndogo na ya bure, inayotolewa na Microsoft na kutumiwa kwa kuandika amri.

Kwa mtumiaji wa kawaida wa nyumbani, tofauti ya kasi baada ya difragi ya Windows na baada ya mojawapo ya hizi ni ndogo kiasi cha kutohisiwa. Ukiamua kutumia ya nje, zima ratiba ya Windows, kwa sababu programu mbili zenye mawazo tofauti kuhusu mahali pa kuweka mafaili zitakuwa zikipanguana kazi kila wiki. Ipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, na wakati wa kusakinisha soma kila ukurasa: nyingi za bure huja na programu za ziada zilizokwisha kuwekewa alama ya kukubali.

14. Nimeona programu inayodai kuharakisha kompyuta mara tatu kwa kubofya mara moja. Niamini?

Usiamini. Programu ya aina hii kwa kawaida huanza kwa kuchunguza bure, hutangaza mamia ya makosa kwa maandishi mekundu, halafu hudai malipo ili kuyarekebisha. Makosa mengi kati ya hayo ni mafaili ya muda ya kivinjari, vidakuzi, na maingizo yasiyotumika ya rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, ambayo hayana uzito wowote. Microsoft imeeleza rasmi kwamba haiungi mkono programu za kusafisha rejista, kwa sababu kufuta ingizo lisilo sahihi kunaweza kuifanya Windows isiwake kabisa. Programu ya difragi inayoaminika huonyesha jina la faili, idadi ya vipande vyake na mahali vilipo, haikuogofyi.

Ikikuomba uzime kingavirusi ili isakinishwe, au ikiwa umepewa kwenye flashi pamoja na faili la kuvunja leseni, iache.

15. Kuna mafaili yanayobaki vipande hata baada ya difragi. Kwa nini?

Baadhi ya mafaili hayawezi kuhamishwa Windows ikiwa inatembea. Makubwa ni mawili: `pagefile.sys`, ambalo ni kumbukumbu ya ziada ya RAM, na `hiberfil.sys`, linalohifadhi hali ya kompyuta inapolala kwa kina. Zipo pia sehemu za jedwali kuu la NTFS. Programu kadhaa za nje hutoa difragi ya wakati wa kuwasha, kabla mafaili hayo hayajashikwa.

Njia isiyohitaji programu ni kuandika `powercfg /h off`, jambo linalofuta `hiberfil.sys`, kisha kuweka kumbukumbu ya ziada kuwa sifuri kwenye diski hiyo na kuwasha upya, kufanya difragi, halafu kurudisha vyote viwili. Mashine yenye RAM kidogo inaweza kukwama katikati ya zoezi hili, hivyo lifanywe programu nyingine zote zikiwa zimefungwa. Kwa maoni yetu, faida yake ni ndogo isipokuwa vipande vya `pagefile.sys` vimefika mamia.

## Hali zisizo za kawaida

16. Nimeona kumbukumbu kwamba Windows imefanya difragi kwenye SSD yangu. Ni hitilafu?

Si hitilafu. Pale ulinzi wa mfumo unapokuwa umewashwa, yaani Windows inatunza nukta za kurejesha mfumo katika hali yake ya awali (restore points), hupanga upya SSD takriban mara moja kwa mwezi, kwa sababu utunzaji wa nukta hizo huwa mzito mafaili yakiwa yamekatika mno. Pia NTFS ina kikomo cha vipande ambavyo faili moja linaweza kuwa navyo, na faili likikifikia haliwezi kuongezeka tena. Mara moja kwa mwezi haiichakazi SSD kwa kiasi cha kuhofia. Acha ratiba ilivyo. Kinachokatazwa katika swali la 5 ni kulazimisha difragi kamili kwa programu ya nje.

17. Diski inagonga, au mafaili hufunguka kwa kukwama. Nifanye difragi?

Usifanye. Difragi husoma na kuandika karibu kila pembe ya diski, na kwa diski inayokufa hiyo inaweza kuwa safari ya mwisho. Nakili kwanza yaliyo muhimu, ukianza na yasiyoweza kupatikana kwingine. Kisha tumia programu kama CrystalDiskInfo kusoma takwimu za SMART ambazo diski hujiwekea. Tazama mistari mitatu: sekta zilizohamishwa, namba 05, sekta zinazongoja kuamuliwa, C5, na zisizosomeka, C6. C5 au C6 ikiwa juu ya sifuri na inaongezeka siku hadi siku, diski hiyo ni ya kubadilishwa.

18. Nimefuta faili kwa bahati mbaya. Difragi itasaidia kulirudisha?

Italiangamiza. Faili lililofutwa huendelea kuwamo kwenye klasta zake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na difragi huandika katika nafasi zilizo wazi kuliko shughuli nyingine yoyote ya kawaida. Zima ratiba mara moja kwenye dirisha la Optimize Drives, usisakinishe chochote kwenye diski hiyo, na uendeshe programu ya kurejesha mafaili kutoka diski nyingine. Hadhari hii ni kwa diski ya kuzunguka. Kwenye SSD yenye TRIM, mara nyingi faili huwa limekwisha kupotea ndani ya muda mfupi.

19. Baada ya difragi nukta zangu za kurejesha mfumo zimetoweka.

Windows hutunza nukta hizo kwa kuhifadhi nakala ya kila klasta inayobadilika. Klasta zikiwa ndogo kuliko kilobaiti 16, uhamishaji unaofanywa na difragi unaweza kuonekana kama mabadiliko ya data, nafasi iliyotengwa hujaa, na nukta za zamani hufutwa kupisha mpya. Mafaili yenyewe hayajaguswa. Wenye seva zinazotegemea nakala hizo huandaa diski ya data kwa klasta za kilobaiti 16 tangu mwanzo. Kwa kompyuta ya nyumbani inatosha kutengeneza nukta mpya kazi ikiisha.

20. Vipi kuhusu flashi, memori kadi na diski za nje?

Flashi na memori kadi ni chipu. Jibu ni lile la swali la 5. Diski ya nje ya kuzunguka inaweza kupangwa kama ya ndani, mradi waya wake usiguswe kazi ikiendelea. Tahadhari ni kwa diski za aina ya SMR, ambazo njia zake za data zimepandana ili kubana nafasi, na zimeenea miongoni mwa diski za nje za bei nafuu. Kwenye SMR, kuandika upya sehemu ndogo hulazimisha eneo zima liandikwe upya, hivyo difragi inaweza kuchukua siku. Ikiwa una diski ya pili, ni haraka zaidi kuhamishia mafaili yote huko, kuifomati ya kwanza, na kuyarudisha. Yataandikwa yakiwa yamenyooka.

21. Linux na Mac zinahitaji difragi?

Kwa nadra. Mfumo wa ext4, uliotangazwa kuwa imara katika Linux 2.6.28 ya Desemba 2008, huchelewesha uamuzi wa mahali pa kuandika mpaka ujue ukubwa wa faili, na hivyo hupunguza vipande tangu mwanzo. Amri ya `e4defrag -c /home` hutoa alama. Kuanzia 0 hadi 30 hakuna tatizo, na juu ya 55 ndipo kazi inahitajika. Upande wa Mac, tangu Mac OS X 10.3 ya mwaka 2003 mfumo wa HFS+ uliokuwa ukitumiwa na Mac uliunganisha wenyewe faili lililo chini ya megabaiti 20 lenye vipande zaidi ya 8, pale tu linapofunguliwa.

22. Nina mashine pepe na hifadhidata kubwa. Difragi ya kawaida inatosha?

Mashine pepe ni kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, kwa hiyo hapo kuna tabaka zaidi ya moja. Faili la diski ya mashine pepe linaweza kuwa limekatika kwenye kompyuta iliyoibeba, na wakati huohuo mafaili yaliyomo ndani yake yakawa yamekatika peke yake. Kupanga ndani pekee huacha tabaka la nje lilivyo, na kwa diski pepe inayokua kadiri inavyotumika, difragi ya ndani huivimbisha kwa sababu huandika kwenye maeneo ambayo hayakuwahi kutumika. Zima mashine pepe, panga faili lake kwa nje, na mwanzoni kabisa itengee ukubwa wote kwa mkupuo mmoja.

Hifadhidata ina mtawanyiko wa tatu, ule wa faharasa zake, ambao difragi ya diski haiufikii hata kidogo. Hushughulikiwa kwa amri za hifadhidata yenyewe. Huduma ya hifadhidata isimamishwe kwanza ndipo mafaili yake yapangwe, kisha iwashwe na faharasa zijengwe upya, kwa mpangilio huo.